Mikorosho kwa Jina la Mkwe

"Hivi mwanamume aliyekuja kukaa kwa wakwe, siku akiondoka, huondoka na nini?"

Swali hilo Bimdogo alimwuliza Mwanne zamani, wakiteremka bondeni kuchota maji. Wanawake wa Mkunya siku zile waliamka kabla ya jogoo, maana huko juu kijijini hakukuwa na kisima. Maji yalikuwa chini kabisa, na kupanda nayo kichwani ilikuwa kazi ya kumtoa mtu roho. Njia ndefu kama ile haipitiki kwa kunyamaza. Kwa hiyo walipiga soga, wakachekana, wakawasema wanaume.

Mwanne alikuwa ameolewa mwaka huo huo. Hakufikiri mara mbili.

"Huondoka na shoka lake na mkeka wake. Kwani alikuja na nini kingine?"

Wakacheka mpaka ndoo ikamdondoka Bimdogo, ikabiringika mteremkoni, wakaikimbilia wote wawili.

Lukmani, mumewe Mwanne, alikuwa ametokea upande wa Lupaso, na kweli alikuja na shoka na mkeka. Hakuna aliyeona ajabu. Kwa watu wa huku ardhi haikutoka kwa baba. Ilitoka kwa bibi ikaja kwa mama, ikatoka kwa mama ikaja kwa binti, na mwanamume aliyeoa alihamia kwa mkewe, akajengewa nyumba, akaonyeshwa pa kulima. Msimamizi wa ardhi alikuwa kaka yake mwanamke, ndiye mjomba wa watoto. Mume aliitwa mkwe, na mkwe ni mgeni hata akikaa mpaka mvi zikamjaa.

Lukmani hakuwa mvivu, wala hakuwa mtu wa maneno. Lakini ugeni ulimuuma. Siku moja kwenye mkutano wa kijiji alisimama aseme juu ya nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mihogo, na mzee mmoja akamkata kauli: "Kaa kwanza, mkwe. Wenye mji hawajamaliza." Watu wakacheka kidogo, si sana. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Lukmani akakaa. Jioni ile Mwanne alimtengea ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, akauona umepoa vile vile kwenye sahani.

Alikumbuka sahani ile kwa muda mrefu kuliko alivyopaswa kuikumbuka.

Mikorosho ilipandwa mvua mbili ambazo Lukmani hakuwapo. Alikuwa amekwenda kwenye mashamba ya mkonge upande wa Lindi kutafuta nguo na baiskeli. Waliochimba mashimo ni Mwanne na mama yake. Mama alipima hatua kumi na mbili kutoka shimo hadi shimo, kwa miguu yake iliyopasuka visigino, akihesabu kwa sauti. Mwanne alifuata nyuma na jembe, binti yake Shakila akiwa mgongoni, bado ananyonya. Kila shimo walitia mbegu tatu, wakafukia, wakasema bismillahi. Mashina themanini na sita yaliota. Lukmani aliporudi aliyakuta yamefika magotini. Alipalilia pamoja nao, hilo Mwanne hakulikataa maishani. Lakini kupalilia ni kupalilia.

Halafu ukaja mwaka wa kuhesabu. Karani wa kijiji alipita nyumba kwa nyumba na daftari kubwa la jalada jeusi, anaandika nani ana mikorosho mingapi. Alifika kwa kina Mwanne saa nne asubuhi. Mama alikuwa anapepeta mtama. Lukmani alikuwa amekaa juu ya kinu kilichoinamishwa, anachonga mpini wa jembe.

"Hii mikorosho ya nani?" karani akauliza, kalamu tayari.

Mama akamtazama Mwanne. Mwanne akamtazama mumewe. Lukmani hakuinua kichwa, lakini kisu chake kilikuwa kimesimama juu ya mti. Na Mwanne akaiona ile sahani ya ugali uliopoa.

"Andika Lukmani," akasema.

Kisu kikaendelea kuchonga. Mama aliendelea kupepeta mpaka karani akaondoka. Kisha akasema, huku anapuliza makapi, "Umempa mgeni jina. Jina zito, mwanangu."

"Ni daftari tu, mama. Korosho tutaokota sisi."

Wala si Mwanne peke yake. Nyumba baada ya nyumba wanawake waliwatajia karani majina ya waume zao, kama mtu anavyompa mgeni kiti. Kiti kinabaki cha mwenye nyumba. Nani aliwahi kusikia mgeni akiondoka na kiti?

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo Mwanne hakumwambia mtu, hata mama yake. Alitaka na yeye aitwe mke wa mtu mwenye mikorosho. Mwezi ule alitembea njia ya bondeni shingo imenyooka, akimsikia Bimdogo anasema, "Mume wako naye sasa ni mwenye shamba," na ilimpendeza. Hilo alilijua yeye na Mola wake.

*

Miaka ikapita. Korosho ikapoteza thamani, ugonjwa wa unga mweupe ukaingia, maua yakawa yanakauka kabla ya kushika. Msitu ukaimeza mikorosho ya watu na hakuna aliyelia. Lukmani alipata kazi ya ulinzi kwenye kiwanda cha kubangua korosho, akavaa kofia na buti, akawa anarudi nyumbani mwisho wa wiki. Mama yake Mwanne akafariki. Lile daftari jeusi likalala ofisini pamoja na mende.

Ndipo likaja soko huria. Kiwanda kikafungwa, walinzi wakaambiwa warudi makwao, kiinua mgongo kitafuata, wakapewa na barua yenye muhuri. Kiinua mgongo hakikufuata. Lakini kilichofuata ni malori. Wanunuzi binafsi walipanda mpaka Mkunya, wakaweka mizani chini ya vibanda vya makuti, na ghafla kila mtu akakumbuka kwamba ana shamba.

Kwa Mwanne aliyekumbuka ni Shakila. Alikuwa amerudi kutoka Masasi, ndoa imemshinda, ana mtoto wa kike mdogo aitwaye Hamida. Hakukaa kujililia. Alichukua panga akaingia kwenye pori lile, siku arobaini, akafyeka mpaka shina la mwisho. Msimu wa maua alikodi mashine ya kupulizia salfa, ule unga wa njano wa kuua ugonjwa. Dawa ile inapulizwa alfajiri, majani yakiwa na umande, na upepo ukigeuka inamrudia mpulizaji. Shakila alijifunga kanga puani na mdomoni akaenda. Alirudi nyumbani macho mekundu, yanavuja machozi, njano mwili mzima mpaka kwenye kope.

"Mwanangu, utapofuka," Mwanne alimwambia.

"Nikipofuka utaniongoza, mama. Mikorosho ikifa atatuongoza nani?"

Mwaka wa pili mikorosho ilizaa kama imekumbuka deni. Waliokota asubuhi mpaka jioni. Mabibo yalikuwa mengi hata yakaoza chini. Majirani walikuja kuyachukua wakatengeneze uraka, Mwanne akawaachia wachukue, maana yeye pombe haikupikwa uani kwake hata siku moja.

Lukmani wakati huo alikuwa Nanganga, barabarani, anajaribu biashara ya chumvi na sabuni. Kwanza alikuja kila mwezi. Kisha kila miezi mitatu. Kisha ikajulikana kwamba huko Nanganga kuna mwanamke na kuna nyumba. Mwanne alivumilia, dini imeruhusu. Na mwisho ikaja talaka, karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa mara nne. Mwanne aliisoma polepole kwa elimu yake ya darasa la nne, akaikunja mara nne tena, akaiweka ndani ya Msahafu, akakaa eda.

Eda ilikuwa imekwisha, hata wiki haijatimia, Lukmani alipofika na mfanyabiashara wa Masasi aitwaye Fikirini, mwenye shati jeupe na viatu visivyopenda vumbi. Mkononi Lukmani alikuwa na kopo la rangi nyekundu.

Shakila alikuwa shambani. Alimwona baba yake anachovya brashi, anapiga mstari kwenye shina, anakwenda shina la pili.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo?"

"Hatujambo. Unafanya nini, baba?"

"Natia alama mali yangu. Huyu bwana anayanunua mashina yote."

Shakila alidhani ni mzaha. Aliita, na Mwanne akatoka nyumbani mbio, unga wa muhogo mikononi.

"Baba Shakila, mali yako ipi? Wewe mali yako ulikwisha beba. Shoka liko wapi? Mkeka uko wapi? Hivyo ndivyo ulivyokuja navyo!"

Lukmani hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Mwanne. Alitoa mfukoni karatasi iliyonakiliwa kwa chapa kutoka lile daftari jeusi, yenye muhuri wa kijiji. "Soma, Mama Shakila. Jina la nani? Nimelinda kiwanda cha watu miaka kumi na tatu, wamenipa barua. Nimekaa kwenu miaka zaidi ya ishirini, mmenipa ukwe. Sasa nimezeeka, nina nini? Nina hili jina. Wala sikulipika mimi. Mlinipa wenyewe."

Fikirini akakohoa. "Jamani, mimi nanunua mali isiyo na maneno. Malizaneni kwanza." Akaondoka na viatu vyake. Lakini rangi ilikuwa imebaki kwenye mashina kumi na tisa, nyekundu, inachuruzika.

*

Mwanne alishtaki. Baraza la usuluhishi la kata liliwaita mara mbili, likashindwa, likaandika barua kwenda mahakama ya mwanzo. Jioni ya kuamkia siku ya shauri, Nurdini, kaka yake Mwanne, alikuja, akaketi barazani. Yeye ndiye msimamizi wa ardhi ya ukoo, mjomba wa Shakila, na alikuwa mtu wa maneno machache yaliyokatwa kwa panga.

"Sikiliza, dada. Juu ya ardhi hatuna wasiwasi, nitasimama mimi. Shida ni lile jina. Hakimu atauliza limeingiaje. Wewe utasema hujui. Karani aliandika alivyotaka."

"Karani aliandika nilivyomwambia."

"Karani kafa. Mama kafa. Lukmani mwenyewe atasema alipanda yeye, basi atasemaje tena kwamba alipewa? Mtu wa kujua umebaki wewe na Mungu."

"Sasa huyo Mungu unayemtaja, unamwona mdogo?"

Nurdini akasugua uso kwa viganja. "Mungu anajua shamba la nani."

Shakila alikuwa amepiga magoti, anamimina chai. Akasema bila kuinua macho, "Mama, mimi sikuombi useme uongo mrefu. Neno moja tu. 'Sijui.' Hata mtoto analisema."

Mwanne akamaliza chai yake, akainuka. Usiku aliswali rakaa zake, akakaa juu ya mswala muda mrefu. Akajipa moyo hivi: kweli ikisemwa yote, tangu kwenye mashimo mpaka kwenye sahani ya ugali, nani ataisikia asielewe? Hakimu ana mama. Wazee wa mahakama ni watu wa hapa hapa. Aliamka na moyo mwepesi.

Asubuhi akapita kwa Bimdogo, aliyeahidi kuwa shahidi. Bimdogo aliyaona mashimo yale yakichimbwa, na mara mbili aliwaletea maji. Alimkuta kitandani, amejifunika shuka mpaka kidevuni.

"Nina homa, Mama Shakila."

Mwanne alimgusa paji la uso. Lilikuwa baridi kama mtungi.

"Homa imeanza lini?"

Bimdogo akageukia ukutani. "Mume wangu naye ana mashina hamsini kwenye daftari lile lile," akasema polepole. "Ameniambia nikienda kusema jina si kitu, na mimi nijue la kwangu. Nisamehe. Nami nina watoto."

"Ugua pole," Mwanne akasema, akamfunika vizuri, akaenda.

Mahakamani kulikuwa na benchi mbili na meza moja. Hakimu alikuwa kijana, mgeni kutoka mikoa ya mbali, huko ambako mwanamke ndiye anayehama na sanduku lake. Kulia kwake na kushoto waliketi wazee wawili washauri.

Mwanne aliapa kwa Msahafu. Akaeleza mashimo, hatua kumi na mbili, mbegu tatu tatu, mtoto mgongoni.

"Una shahidi aliyeona?" hakimu akauliza.

"Huyo pale," Mwanne akamwonyesha Shakila. "Lakini alikuwa mgongoni."

Watu wakacheka, na hakimu naye akatabasamu. Nurdini akasimama akaeleza habari za ardhi, kwamba ni ya bibi yao, na mkwe hupewa pa kulima tu. Hakimu akaandika, akasita.

"Ngoja, mzee. Huku kwenu mwanamume anaoa au anaolewa?"

Kicheko kikalipuka mpaka nje madirishani. Mwanne alimtazama Lukmani. Lukmani hakucheka. Wala wale wazee wawili hawakucheka.

Kisha Lukmani akaweka mkono juu ya Msahafu. Mwanne aliviangalia vidole vile, alivyovijua kimoja kimoja, kile kilichokatwa ncha na panga, alichokifunga yeye kwa kitambaa. Vidole vikatulia juu ya jalada.

"Mikorosho nilipanda mimi," Lukmani akasema. "Na daftari linanijua." Akatoa karatasi yake.

Mwanne akaruhusiwa kumwuliza.

"Baba Shakila, mashimo yale ulichimba mwaka gani?"

"Zamani. Nani anakumbuka mwaka?"

"Mwaka ule baiskeli uliinunua wapi?"

"Lindi."

"Ulikuwa Lindi unafanya nini, na wewe unapanda mikorosho Mkunya?"

Watu wakaguna. Lukmani akalamba midomo. "Nilikuwa nakwenda na kurudi, mheshimiwa. Safari ni safari."

Mwanne akaona kalamu ya hakimu imesimama, na moyo ukamdunda kwa furaha. Ameshika mahali. Ameshika. Shakila naye alikuwa amejisogeza mbele kwenye benchi.

Hakimu akaigeuza ile karatasi, akaisoma upya. "Mdai, rudi hapa. Bado uko ndani ya kiapo chako. Hili jina la mdaiwa, nani alimwambia karani aliandike?"

Nurdini akakohoa.  Neno lilikuwa pale mdomoni, dogo, jepesi, hata mtoto analisema. Mwanne aliuhisi Msahafu chini ya kiganja ingawa mkono wake ulikuwa hewani.

"Mimi," akasema.

"Ulilazimishwa?"

"La."

"Mumeo alikudanganya?"

"La. Alikuwapo. Alinyamaza."

"Kwa hiyo ulimpa."

"Nilimpa heshima, mheshimiwa. Alikuwa mgeni, watu wanamdharau, nikataka naye aonekane mtu. Mikorosho sikumpa."

Hakimu alimtazama, na Mwanne aliona kwamba hakuwa na ubaya naye. Alikuwa kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua. Akainua karatasi.

"Mama, hapa hakuna safu ya heshima. Kuna safu ya jina na safu ya mashina."

Akawageukia wazee wake. Mmoja aliitwa Stefano. Mwanne alimfahamu tangu zamani. Alioa nyumba ya tatu kutoka shuleni, akakaa kwa mkewe mpaka leo, na ana mashina sitini kwa jina lake. Wa pili hali kadhalika. Ndipo Mwanne alipofahamu kwa nini hawakucheka. Kama jina la Lukmani ni bure, majina yao yatakuwa nini?

"Aliyeandikwa ndiye mwenyewe," Stefano akasema, akitazama kofia yake magotini.

"Nami naona hivyo," wa pili akasema.

Hukumu ilisomwa baada ya saa moja. Ardhi ni ya ukoo wa mdai, wala mdaiwa asiidai. Nyumba ni ya mdai. Mikorosho themanini na sita iliyomo ndani ya ardhi hiyo ni ya mdaiwa, aliyepewa na mdai kwa hiari yake mwenyewe, kama alivyokiri. Anaweza kuvuna, anaweza kuuza. Asiyeridhika akate rufaa ndani ya siku thelathini.

Nchi ni yako, miti ni yake. Na chini ya mikorosho mikubwa, kila mtu wa Mkunya anajua, hata muhogo hausimami.

Nje, Lukmani alimfuata. Kofia ilikuwa mkononi.

"Mama Shakila, ngoja. Nitamwambia Fikirini akuachie mashina matano ya karibu na nyumba. Mimi sikuwa na nia mbaya na wewe."

"Umeapa uongo, Lukmani."

Tangu wazae hakuwahi kumwita kwa jina lake tupu. Lukmani alilipokea jina hilo kama mtu aliyerushiwa maji.

"Kiwanda kilinipa karatasi, nikaamini," akasema. "Na wewe ulinipa karatasi, nikaamini. Iliyonifaa ni moja. Ulitaka niichane?"

"Nilitaka ukumbuke nani alikupa."

"Nakumbuka," Lukmani akasema. "Ndiyo maana nimekuletea hayo matano."

Mwanne akamwacha amesimama pale.

Nurdini alitembea nao mpaka njia panda, fimbo nyuma ya shingo, mikono imening'inia juu yake. Mwanne akamwuliza habari ya rufaa.

"Rufaa ya nini, dada? Huko juu nako watakuuliza lile lile. Utawajibu nini?"

Hakungoja jibu, alilijua.

*

Alasiri Mwanne alitawadha, akaswali, akatoa salamu kulia na kushoto. Alipogeuka alimwona Shakila ameketi kizingitini, Hamida mapajani pake, anamfunga nywele mafundo mawili. Kando yake palikuwa na furushi la nguo. Ukutani ilining'inia ile kanga ya kupulizia salfa, imefuliwa mara ngapi, na njano haikutoka.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Masasi. Kuna mama anauza chakula stendi, anataka mtu wa kuosha vyombo."

"Hapa kuna nyumba. Kuna ardhi. Hukumu imesema ardhi ni yetu."

"Ardhi ya kuangalia." Shakila akafunga fundo la pili. "Mama, mimi nilikula ile dawa misimu miwili. Nikilala nasikia kifua kinalia kama mlango. Sikukudai kitu, maana nilijua ni yako, na ikiwa yako ni yangu, na ikiwa yangu ni ya huyu. Ndivyo bibi alivyotuambia."

"Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyokuwa." Akamshusha mtoto. "Baba ameapa uongo, jua limemwakia vile vile, amekwenda na mikorosho yake. Wewe umesema kweli. Haya. Sikulaumu kwa kweli. Nataka nijue jambo moja tu."

"Uliza."

"Kama ungejua. Kabla hujafungua mdomo, kama ungejua hakimu atasema vile alivyosema, ungejibu nini?"

Mwanne alikunja mswala wake. Aliukunja polepole, ncha kwa ncha, maana alihitaji mahali pa kuweka macho. Alitamani kumwambia kwamba hajui. Neno moja tu. Alitamani pia kumwambia habari ya ile njia ya bondeni, shingo yake ilivyonyooka mwezi ule, ajue kwamba mama yake hakutoa jina kwa huruma tupu. Lakini hakuulizwa hilo.

"Ningejibu vile vile," akasema.

Shakila alimtazama mama yake kitambo kirefu, bila hasira, kama mtu anayepima hatua kutoka shimo hadi shimo. Kisha akainama, akamweka Hamida mgongoni. Akatupa jicho kwenye kanga ile ya njano ukutani, asiichukue. Akajifunga mtoto kwa nyingine. Akainua furushi akalitia kichwani, akavuka kizingiti, akashika njia inayopita katikati ya mikorosho yenye rangi nyekundu.